Joto Halijui Idara

Mhadhara wa uzinduzi wa uprofesa, kuhusu kuongoza wahandisi wa fani mbalimbali katika kuunda mfumo wa umeme wa gari



Nitaanza na harufu. Aliyewahi kuunguza kontrola ya pikipiki ya umeme anaijua: ni kali, inakaa kooni, na hata ukinywa maji haiondoki. Niliinusa nikiwa nimesimama kando ya barabara ya kupanda Bugando, Mwanza, mchana wa jua, mbele ya watu waliokuja kutazama kazi yetu ya miezi kumi na minne. Kikosi changu kilikuwa na wahandisi sita. Wote walikuwa wa umeme, wote walisoma kwangu, na wote nilikuwa nimewachagua mimi. Pikipiki ile tuliipima mezani, tukaipima kwenye uwanja wa mpira, tukaipima usiku kwenye lami tambarare. Hesabu zilikubali kila mahali. Siku ya kuionyesha tukamkabidhi dereva wa kijiwe cha pale chini. Akapakia mshikaki, abiria wawili wazima na mfuko wa mchele, akapanda. Katikati ya mlima daladala ilikuwa inashusha watu. Akasimama nyuma yake kusubiri. Haikupita dakika moja, moshi ukatoka chini ya kiti.

Nilipomfikia alikuwa ameshawashusha abiria wake salama na kukiegesha chombo ukingoni. Nikamwuliza alifanya nini. Akajibu kwa upole: "Mwalimu, sijafanya kitu. Mlimani sisi hatushiki breki. Mguu chini, mkono unashikilia resi kidogo, chombo kinakaa chenyewe. Kila dereva anafanya hivyo."

Niwaeleze wasio wa fani kilichotokea. Mota ya pikipiki ile hutumia umeme wa njia tatu, kama mashine ya kusaga. Inapozunguka, mkondo unapokezana katika njia zile tatu, na transista zinazoufungua na kuufunga zinafanya kazi kwa zamu, kila moja ikipata nafasi ya kupoa kidogo. Mota ikisimama huku inasukuma, zamu hakuna. Mkondo unang'ang'ania njia zilezile na transista zilezile, na joto linajikusanya mahali padogo kuliko ukucha. Tena, kwa kuwa chombo hakiendi, upepo wa kukipoza haupo. Kwenye pikipiki ya petroli dereva anacheza na klachi, na klachi inalika polepole kwa miezi. Kwetu iliungua kontrola, kwa sekunde.

Kwamba mlimani chombo hushikiliwa kwa resi, dereva yule alilijua tangu siku ya kwanza alipoanza kazi. Sisi wahandisi hatukulijua, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumpandisha mtu mlima kwa nauli.

Tangu siku hiyo nimebadilisha namna ninavyochagua watu na namna ninavyowasikiliza, na ninayotaka kuyasema jioni ya leo yametoka pale. Mfumo wa umeme wa gari huharibikia mipakani, pale kazi ya mmoja inapogusana na kazi ya mwingine. Mipaka hiyo kiongozi hawezi kuilinda akiwa na kikosi cha watu wanaoona kitu kimoja.

Kila mmoja na joto lake

Watu wengi wakisikia gari la umeme wanafikiria betri. Betri ni ghala tu. Kuna inveta inayogeuza mkondo mnyoofu wa betri kuwa mkondo geu wa njia tatu. Kuna mota yenyewe, shaba na sumaku. Kuna giaboksi, mara nyingi ya gia moja. Kuna programu inayoamua, mara maelfu kwa sekunde, ni mkondo kiasi gani upite. Kuna chaja, kuna maji ya kupoza, kuna nyaya nene za rangi ya machungwa ambazo fundi asiyefunzwa hatakiwi kuzigusa. Nyuma ya kila kimoja kuna mtu aliyesoma miaka mingi mambo ambayo jirani yake hayajui: mkemia wa seli, mhandisi wa umeme wa nguvu, makanika wa gia na beringi, mwandishi wa programu, mtu wa usalama, na yule wa manunuzi anayejua transista fulani itafika baada ya wiki arobaini.

Mota nzuri pamoja na inveta yake hugeuza zaidi ya asilimia 90 ya umeme kuwa mwendo, ilhali injini ya petroli hupoteza sehemu kubwa ya mafuta yake kama joto. Kwa sababu hiyo wanafunzi wangu huamini kwamba joto ni tatizo la watu wa petroli. Sasa chukueni gari linalotumia kilowati 100 likipanda mlima Kitonga. Likipoteza asilimia 5 tu, hizo ni kilowati 5: birika mbili au tatu za umeme zikichemka mfululizo ndani ya kitu chenye ukubwa wa ndoo.

Tena kila mmoja ana joto lake. Seli za lithiamu hupenda nyuzi 15 hadi 35 hivi, karibu sana na apendavyo binadamu. Transista za silikoni huvumilia nyuzi 150. Shaba ya mota, ikiwa na kihami cha daraja la juu, hufika 180. Sumaku za neodimiamu zilizomo ndani ya rota hazitaki kufika huko. Joto likizidi huku zinafanya kazi, hupoteza nguvu, na nguvu hiyo hairudi zikipoa. Anayechora njia ya maji ya kupoza lazima aamue yapite kwa nani kwanza. Wa betri atasema yaanze kwangu. Wa inveta atasema ukinipa maji yaliyokwisha kupashwa moto na mota, nitapunguza mkondo, na gari litapoteza nguvu mlimani. Wa mota atasema kama ni hivyo niongezeni shaba. Wa giaboksi atasema shaba ikiongezeka uzito unaongezeka. Hapo hakuna anayekosea. Joto linapita kwao wote bila kubisha hodi, wakati bajeti, ofisi na ripoti zimejengewa kuta.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa beringi. Makanika anafungua mota iliyoanza kuvuma na kukuta njia ya gololi imechimbika mistari myembamba iliyopangana kama matuta ya shamba la viazi. Atalaumu grisi. Atafunga beringi mpya, na baada ya miezi kadhaa mota itarudi na mistari ileile. Chanzo kiko kwenye inveta. Inapokata na kuunga umeme maelfu ya mara kwa sekunde, volti hujijenga kwenye shafti, na ikikosa njia ya kutokea hupenya kwenye utando wa grisi kwa cheche ndogo, ikila chuma nukta kwa nukta. Transista mpya za silikoni kabaidi hukata umeme kwa kasi zaidi, na kasi hiyo, anayojivunia mhandisi wa inveta kwa haki kabisa, huongeza balaa kwa jirani yake. Tiba ipo: brashi ya kuupeleka umeme huo kwenye bodi, au beringi yenye gololi za kauri. Lakini ili mtu afikirie tiba hiyo, mwenye sikio la beringi na mwenye picha ya volti lazima wawe wamekaa benchi moja. Wakikaa majengo mawili, kila mmoja ataandika ripoti sahihi na mota itaendelea kufa.

Turudi kwenye joto. Desemba 2010 magari mawili yaliingia sokoni Marekani ndani ya mwezi mmoja. Nissan Leaf ilikuwa na betri ya kilowati-saa 24, seli 192, isiyopozwa kwa maji wala feni. Chevrolet Volt, iliyobeba pia injini ya petroli ya akiba, ilikuwa na betri ya kilowati-saa 16, seli 288, na katikati ya seli zake zilipita sahani nyembamba zenye kimiminika cha kupoza. Vikosi viwili vya wahandisi hodari vililijibu swali moja la joto kwa majibu mawili. Jibu la Nissan lilikuwa na busara yake: betri isiyo na maji ni nyepesi, ni rahisi kutengeneza, haina pampu ya kufa wala bomba la kuvuja. Kwa hali ya hewa ya Yokohama linaeleweka. Mwaka 2012 wenye Leaf wa maeneo ya Phoenix, Arizona, ambako kiangazi huvuka nyuzi 40 kwa wiki nyingi, wakaanza kulalamika kwamba betri zao zinazeeka mapema. Mwaka 2013 kampuni ikaongeza dhamana ya uwezo wa betri, na katika magari ya mwaka 2015 ikaleta seli za mchanganyiko mpya wa kemikali unaostahimili joto zaidi.

Habari hii ni yetu pia, maana Leaf zilizokwisha kutumika Japani zimeshafika barabarani Nairobi. Fundi wa kule anayefungua betri ya namna hiyo ana jambo la kumwambia mbunifu ambalo mbunifu hawezi kuliona dirishani kwake.

Neno moja, maana tatu

Sasa nije kwenye lugha, ambayo watu wa fani yetu huiona kama jambo la wenzetu wa fasihi. Mimi nimepoteza pesa na muda mwingi kwa sababu yake.

Katika kikao kimoja cha karakana yetu tulijadiliana kwa saa nzima juu ya "mzigo". Dereva alimaanisha gunia na abiria. Mhandisi wa umeme alimaanisha chochote kinachovuta mkondo. Kijana wa programu alimaanisha jinsi kichakataji chake kilivyoelemewa na kazi. Wote walikubaliana kwamba mzigo ni mkubwa mno na upunguzwe, wakaondoka wakiwa wameridhika. Kila mmoja alikwenda kupunguza cha kwake. Neno "nguvu" ndilo baya zaidi. Vitabu vya shule hutenganisha kani, nguvu na nishati, lakini karakana haitenganishi. Fundi akikuambia pikipiki haina nguvu, anaweza kuwa anasema haiwezi kuondoka ikiwa mlimani, au haikimbii, au chaji haifiki jioni. Hayo ni magonjwa matatu na yana madaktari watatu.

Siku hizi kila mradi wangu unaanza na karatasi ya maneno ubaoni. Tunakubaliana kila neno lina maana gani kwetu, na tunaandika kipimo chake pembeni: niutoni-mita, kilowati, kilowati-saa. Mwanzoni wahandisi wageni huiona kazi ya kitoto. Baada ya wiki mbili wao ndio wanaoongeza maneno.

Liko pia suala la lugha ya kikao chenyewe. Tulikuwa tunaendesha vikao kwa Kiingereza, kwa sababu ndicho kilichotusomesha na kwa sababu tulikuwa na wenzetu kutoka India na Sweden. Mafundi wetu wa kusuka mota na wa kuchomelea walikuwa wanahudhuria, wanakaa kimya, wanatia sahihi, wanaondoka. Nikawa nadhani hawana la kusema. Siku moja umeme ulikatika, projekta ikazimika, tukatoka nje kukaa kivulini, na bila kupanga mazungumzo yakageuka Kiswahili. Fundi mmoja mtu mzima, aliyesuka mota za mashine za kusaga kwa zaidi ya miaka ishirini, akachukua kijiti akachora chini jinsi koili zetu zilivyokuwa zinasuguana na ukingo wa chuma kila mota inapopata moto na kutanuka. Alikuwa ameliona tangu mfano wa kwanza. Nikamwuliza, fundi, mbona hukusema? Akajibu, "Profesa, mlikuwa mnaongea ninyi."

Nimelikumbuka jibu lile kila siku tangu hapo. Sasa vikao vyetu vya kiufundi ni vya Kiswahili, na wenzetu wageni hukaa na mtu wa kuwafasiria. Inachukua muda zaidi. Hesabu ya koili zilizoungua imepungua, na mimi naona biashara hiyo ina faida.

Chumba kikubwa

Wanafunzi huniuliza kiongozi wa kikosi cha namna hii anatakiwa kuwa mtaalamu wa nini. Huwa nawapa habari ya Takeshi Uchiyamada.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Toyota ilitaka gari la karne ya 21. Walioteuliwa kuongoza miradi ya magari pale walikuwa kwa desturi watu waliokwisha kulelewa katika kazi hiyo. Uchiyamada hakuwa mmoja wao. Fani yake ilikuwa kudhibiti kelele na mitetemo, na hakuwahi kuwa mhandisi mkuu wa gari lolote. Kwanza kikosi chake kilipendekeza gari lenye ufanisi wa mafuta ulioboreshwa kwa asilimia 50. Wakubwa wakakataa, wakataka asilimia 100, yaani mara mbili. Injini ya kawaida isingefika huko. Ikabidi waingie kwenye mfumo mseto wa petroli na umeme, jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliuza kwa wingi duniani.

Kwa kuwa hakuwa na majibu, Uchiyamada aliwakusanya wenye majibu nusunusu kutoka idara mbalimbali, akawaweka katika chumba kimoja, michoro na ratiba zikiwa zimebandikwa ukutani ili kila mmoja aone kazi ya mwenzake. Kwa Kijapani chumba hicho huitwa obeya, chumba kikubwa, na jina hilo sasa limeenea viwanda vingi. Walianza na njia zaidi ya 80 za kuunganisha injini na mota, wakazichuja. Novemba 1995 gari la majaribio likawa tayari na likagoma kutembea. Kwa siku 49 halikusogea. Lilipokubali, lilikwenda mita 500 hivi, likasimama. Katika majaribio ya baadaye, viongozi wa kampuni walipopanda, mhandisi mmoja aliketi kiti cha abiria na kompyuta akichunga joto la betri lisije likapanda. Desemba 1997 gari hilo, Prius, likaanza kuuzwa Japani.

Ninachokiona katika siku zile 49 ni hiki. Gari likigoma, kila idara ina sababu nzuri ya kusema kwamba sehemu yake ni nzima. Na pengine kweli ni nzima, ikiwa peke yake mezani. Kiongozi ambaye ni bingwa wa inveta atawatetea watu wa inveta bila kujijua. Uchiyamada hakuwa na idara ya kuitetea. Alikuwa mtu wa mitetemo, na mitetemo, kama joto, hupita kila mahali.

Lakini tusiipambe habari hii kupita kiasi. Chumba kikubwa bila tarehe ni kijiwe cha mazungumzo. Prius ilikuwa na mwaka wake, na mwaka huo ulirudishwa nyuma na wakubwa ukawa wa karibu kuliko walivyotaka wahandisi. Kikosi cha watu wa aina nyingi huanza polepole kuliko kikosi cha watu wa aina moja. Huo ndio ukweli, na anayewaambieni vinginevyo hajawahi kukiongoza. Wiki za kwanza kuna kubishana, kuna kutoelewana, kuna wanaonuna. Kiongozi anapaswa kuulinda ubishi huo usikatishwe mapema, na akishasikia, aamue, aandike sababu ya uamuzi wake ubaoni, na asiwafiche walioshindwa kwamba wameshindwa. Mwenye hoja iliyokataliwa anastahili kuiona imeandikwa. Mara mbili nimerudi kwenye ubao huo baada ya mwaka na kukuta aliyekataliwa ndiye aliyekuwa sahihi, na kwa kuwa hoja yake ilikuwepo pale, tulirekebisha kwa wiki moja badala ya miezi sita.

Adabu zetu

Lipo jambo linalotuhusu sisi zaidi ya Wajapani au Wajerumani, nalo ni heshima ya umri. Tumelelewa kwamba mkubwa hakosolewi mbele za watu. Ni malezi mazuri na sitaki kuyavunja nyumbani kwangu. Lakini betri ya gari ni ya volti 400, nyingine 800, na kanuni za kimataifa huanza kuhesabu hatari kwenye volti 60 za mkondo mnyoofu. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayeona kwamba sijachomoa kiunganishi cha usalama, akasita kunikatiza kwa sababu mimi ni profesa, anaweza kuniua kwa adabu zake. Kwa hiyo mtu yeyote karakanani kwetu, awe anayefagia, akisema "simama", mikono yote inaondoka kwenye chombo. Hakuna kumwuliza kwa nini mpaka mikono iwe mbali. Imetokea mara nyingi kwamba hakukuwa na hatari. Kila mara tumemshukuru aliyesema.

Katika vikao mimi nasema mwisho. Mdogo kuliko wote ndiye anayefungua. Ilichukua muda mrefu kuizoea, kwao na kwangu, kwa kuwa mkubwa akinyamaza kwetu watu hudhani amekasirika.

Naomba nizungumze pia juu ya wanawake, na nitalisema kwa mfano wa betri. Tulipounda betri za kubadilishana vituoni, ya kwanza ilikuwa na uzito wa kilo 30 na mpini mmoja juu. Mhandisi pekee wa kike aliyekuwa kikosini siku hizo aliinyanyua mara moja, akaiweka chini, akasema haifai. Wanaume tukasema itazoeleka. Yeye akaenda vituoni, akakaa na wahudumu siku tatu, wanaume kwa wanawake, akarudi na daftari. Wanaume wale walikuwa wanaumia viuno kila wiki. Hawakuwa wamemwambia mtu. Tukaigawa betri katika vipande viwili. Kwa kuigawa tukapata uso mkubwa zaidi wa kutolea joto, faida ambayo hakuna aliyeitafuta. Huko Detroit, wakati betri ya Volt inaundwa, aliyeongoza uhandisi wa mifumo ya betri General Motors alikuwa Denise Gray, mwanamke Mmarekani Mweusi aliyekulia mji huohuo. Ninamtaja ili mabinti waliokaa pale nyuma wajue kwamba kiti hicho kilishakaliwa.

Walio nje ya mlango

Kuna watu ambao hata kikosi kilichochanganyika vizuri hakitakuwa nao, na kiongozi lazima atoke nje kuwafuata. Agosti 1888 Bertha Benz alilichukua gari la mumewe Carl bila kumuaga, akiwa na wanawe wawili, akaliendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Njiani alizibua bomba la mafuta kwa pini ya kofia, na fundi viatu akamwekea ngozi kwenye breki. Milimani wanawe walilisukuma. Aliporudi alimweleza mumewe kwamba gari linahitaji gia nyingine ya kupandia. Mlima tena! Ugonjwa wa lile gari ukaonwa na mtu aliyekuwa na safari ya kwenda kwa mama yake.

Katika zama zetu, wahandisi wa magari ya umeme na mseto walijisifu kwa ukimya wa vyombo vyao. Wasioona wa Marekani, kupitia shirikisho lao la taifa, wakasema: ukimya huo utatugonga, sisi tunavuka barabara kwa masikio. Januari 2011 sheria ikasainiwa ya kuyalazimu magari hayo kutoa sauti, na kanuni yake ikakamilika mwaka 2016, ikihusu mwendo wa hadi kilomita 30 kwa saa. Ulaya ikadai sauti hadi kilomita 20 kwa saa, kwa aina mpya za magari kuanzia Julai 2019 na kwa magari yote mapya kuanzia Julai 2021. Leo sauti hiyo ni sehemu ya kazi ya kuunda mfumo wa umeme wa gari, ina spika yake, ina programu yake na ina mhandisi wake. Jambo lililoonekana kuwa sifa ya mota lilikuwa kasoro, na walioiona kasoro hiyo ni watu wasioona.

Hapa Afrika Mashariki kazi hii imeshaanza na haitatusubiri. Novemba 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilizindua Kiira EV, gari dogo la umeme la viti viwili lililoundwa na wanafunzi na walimu wao. Kigali, kuanzia Januari 2025, pikipiki mpya za petroli hazisajiliwi tena kwa kubeba abiria. Nairobi mabasi ya umeme yanachukua abiria kila asubuhi. Vyombo hivi vitaundwa upya, vitabadilishwa, vitarekebishwa, na swali la nani atakuwa mezani wakati wa kuchora linajibiwa sasa, katika ajira za mwaka huu na udahili wa mwaka huu. Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, ombi langu kwa chuo ni dogo: shahada ya uzamili ya mifumo ya umeme wa magari tunayoiandaa impe fundi mwenye cheti cha ufundi stadi na miaka kumi ya kazi nafasi ya mkufunzi wa karakana, kwa mkataba na mshahara, na sauti yake ihesabiwe pale tunapopitisha michoro ya wanafunzi.

Pikipiki ya Bugando tuliiunda upya. Kontrola ina sahani ya alumini yenye mapezi marefu, na programu inatambua mota inaposukuma bila kuzunguka: inapunguza mkondo kidogo kidogo huku ikimpa dereva mtetemo kwenye mpini ili ajue kwamba sasa ashike breki. Mtetemo huo ni wazo la dereva yuleyule. Sisi tulikuwa tumeweka taa, akasema mlimani hakuna anayetazama taa. Yumo humu, safu ya pili, na pikipiki iko nje chini ya mwarobaini. Tukitoka atawaonyesha wanaotaka kuiona ikipanda ile njia ya nyuma ya maktaba na kusimama katikati. Naomba wawili wenye uzito wa kutosha wajitolee kuwa mshikaki.